Mwaka Nilioajiriwa Kunyamaza

Mbuzi akianguka ndani ya lori hasimami tena. Wenzake humkanyaga mpaka anakufa, kwa hivyo kazi ya utingo wa mifugo ni kutembea juu ya vyuma vya paa, kuchungulia chini, na kumvuta aliyeanguka kwa pembe au kwa mkia kabla hajafunikwa. Nilifanya hivyo kutoka Moyale mpaka Kitengela, siku tatu, nikiwa na umri wa miaka thelathini na miwili na koti moja. Marsabit ukungu ulinilowesha kama mvua. Laisamis jua likanikausha pamoja na koti. Isiolo tulikaa nusu siku kizuizini tukingoja karatasi za mifugo zipigwe muhuri, mbuzi wakilia, mimi nikiwa juu yao kama kuku kwenye dari. Dereva wangu, mzee wa Kiborana aliyeitwa Galgalo, hakuwa mtu wa maneno. Tulielewana kwa kugonga. Nikigonga bodi ya lori mara moja, anasimama. Mara mbili, anaondoka. Akirudi nyuma, mimi ndiye macho yake: namgongea akiwa njia sawa, nanyamaza akianza kupotea, nagonga tena akirudi. Baada ya miaka minne ya kazi hiyo, mkono wangu ulikuwa unagonga wenyewe bila kuniuliza.

Tulishusha mbuzi kwenye kichinjio cha Kitengela mchana, nikamwambia Galgalo naenda kunywa chai. Sikuwa namdanganya. Lakini nilipokaa kwenye ile hoteli ya mabati iliyo kando ya barabara ya Namanga, miguu ikakataa kurudi. Nimekuwa mtu wa namna hiyo maisha yangu yote. Mahali hunichosha haraka, halafu miaka ikipita pananiita. Tangu wakati huo nimeishi Narok, Malindi, Busia, Lodwar, na haya nayaandika Voi, katika chumba cha kupanga ambacho vikombe vyake hutetemeka treni ikipita. Wiki tatu zilizopita Kevo alinipigia simu. Nilijua sauti yake kabla hajajitaja. Alisema Mueni amefariki, wamemzika kwao Machakos, na kwamba wanakusanya kumbukumbu kutoka kwa kila aliyefanya kazi naye ili wampe binti yake. "Andika chochote unachokumbuka, bro," akaniambia. "Hata ile ingine." Ile ingine ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Mueni aliingia katika hoteli ile siku hiyo hiyo ya mbuzi. Alikuwa mwanamke mfupi, Mkamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimsemesha mwenye hoteli kana kwamba anaagiza nyama: "Mama Kyalo, nitafutie mtu anajua kusoma lakini hajazoea kompyuta."

"Huyo hapo," Mama Kyalo akajibu, akinionyesha kwa mwiko. "Amekalia chai moja tangu saa saba. Lakini ananuka beberu."

"Beberu si neno. Kompyuta haina pua."

Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda ngazi pamoja nasi. Katika chumba cha kwanza palikuwa na meza, kompyuta, kiti, na kamera ndogo iliyofungwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Katika cha pili alikaa Kevo, kijana aliyeunda tovuti zenyewe, akitazama kwenye kioo chake kila kitu mtu wa chumba cha kwanza alichofanya. Mueni alinikalisha, akanipa kazi ya kutafuta shamba fulani kwenye tovuti na kulikubali au kulipinga, akasema nitamke kwa sauti kila ninachowaza. Hilo halikunisumbua. "Sasa niko hapa," nikaanza, "naona kijani, naingia kijani... ai, imenipeleka wapi hii? Rudi, rudi, rudi. Hapa kuna ramani, lakini ramani ya nini, haina hata jina la mto..." Nikasikia Kevo akicheka ng'ambo ya ukuta. Watu wengi, Mueni alinieleza baadaye, wakiketi mbele ya kompyuta hunyamaza kama wako kanisani, na huwezi kujua wamepotelea wapi. Aliniajiri kesho yake, si kwa ajili ya kusema bali kwa ajili ya kunyamaza. Nilipaswa kuwapokea watu wanaokuja kujaribu, kuwakalisha, kuwasomea kazi, kisha kukaa nyuma ya kiti bila kusaidia.

"Hapa hatupimi watu," alinifundisha asubuhi ya kwanza. "Tunapima tovuti. Mtu akikwama, sisi ndio tumekwama. Akikuuliza abonyeze wapi, unamuuliza yeye anafikiri ni wapi. Basi. Ukimsaidia hapa, nani atamsaidia nyumbani?"

Tovuti yenyewe ilikuwa ya ranchi moja ya jamii iliyo kusini mwa Kisaju, ardhi iliyokuwa ya watu wote na sasa inakatwa vipande, kila mwanachama apate chake. Kamati ilikuwa imeshagawa vipande kwenye karatasi. Kila mtu angeingia kwenye tovuti, aone kipande alichoandikiwa, na abonyeze "Nakubali" au "Napinga" ndani ya siku ishirini na moja. Asiyebonyeza chochote angehesabiwa kuwa amekubali. Asiyeweza kubonyeza, jamaa yake wa karibu angembonyezea. Na kwa kuwa ranchi ilikuwa na wazee wengi wenye macho mabaya, na wengine wasioona kabisa, wafadhili waliolipia kazi hiyo walikuwa wametaka jambo moja: ithibitishwe kwamba hata asiyeona anaweza kuitumia mwenyewe. Ndiyo sababu tulikuwa pale.

Wale wanaoona walitutesa kwa adabu. Mueni alikuwa na desturi ya kuwapa wageni chai na mkate kwanza, kama mtu aliyelelewa vizuri, na mtu aliyekunywa chai yako hawezi kukuambia kazi yako ni mbaya. Nakumbuka kina mama watatu wazee, shanga mpaka mabegani. "Takwenya," nikawasalimu kwa Kimaasai kama nilivyofundishwa, nao wakajibu "Iko" kwa pamoja. Mmoja wao alihangaika na ramani muda mrefu, hakuona kipande, hakuona kitufe, alibonyeza picha ya ng'ombe iliyowekwa kwa urembo tu, kisha akageuka akaniambia: "Hii ni nzuri sana, mwanangu. Mungu awabariki." Kevo alifurahi. Mueni alishika kichwa. Tangu siku hiyo chai ikawa inakuja baada ya kazi, na tukaanza kuwakalisha wawili wawili, mmoja akimfundisha mwenzake, kwa sababu mtu asiyeweza kumwambia mwenyeji wake ukweli humwambia rafiki bila shida. "Kwani wewe huoni?" wangezozana. "Ati nione nini? Imejificha hapo chini kama mwizi." Hapo ndipo daftari la Mueni lilipoanza kujaa.

Nasieku alikuja mwezi wa tatu wa kazi. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mrefu, aliyepofuka kwa surua akiwa mdogo na kusomea shule ya wasioona, kwa hivyo kompyuta aliijua kutuzidi. Aliletwa na kaka yake wa baba mmoja, Saruni, katibu wa kamati ya ranchi, mtu mcheshi, mwenye koti zuri, aliyenipenda tangu siku ya kwanza na kuniita Utingo badala ya Barasa, jina langu. "Mnamsumbua bure," alisema akimshika mkono kuelekea kiti. "Mimi ndiyo macho yake. Siku ikifika nitambonyezea, tuende nyumbani."

"Macho yako yaliniona nikiweka kidole kwa karatasi ya kutoa kisima changu," Nasieku akamwambia, bila kupandisha sauti. "Ukaniambia ni ya mahudhurio."

Tulicheka wote, Saruni akicheka kuliko sisi. Nasieku hakucheka. Baadaye Mueni alinieleza kilichokuwa kikimkalia moyoni. Kipande kilichopakana na barabara, pale palipokuwa boma la baba yao na pale Nasieku alipokuwa bado akiishi, kamati ilikuwa imemwandikia Saruni. Nasieku aliandikiwa korongo la nyuma, ambako hata mbuzi hushuka kwa kulazimishwa. Alitaka kupinga, na alitaka kidole kinachopinga kiwe chake.

Jaribio lake la kwanza lilituaibisha. Programu iliyomsomea kioo ilikuwa na sauti ya mzungu, nayo ilikisoma Kiswahili kama mtu anayetembea juu ya mawe pekupeku, kwa kasi ambayo mimi sikuweza kuokota hata neno. Yeye aliinamisha kichwa, vidole vikipita kwenye kibodi, akisikiliza. Kisha akapunguza kasi ili nasi tusikie. "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kevo hakuwa ameviandikia majina, kwa sababu kwa anayeona rangi ilitosha: kijani kukubali, nyekundu kupinga. "Kevo," Nasieku akaita kuelekea ukutani, "umejenga nyumba milango yote inafanana. Nitajuaje choo ni gani?" Kevo akatoka chumba cha pili akiona haya, akamsalimu kwa mikono miwili, akarudi kuandika majina.

Akaja mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara alikwenda vizuri zaidi. Mara ya nne aliingia, akapata kipande chake, akapinga, akamaliza haraka hata kuliko wale wanaoona. Mueni alikuwa hapendi kushangilia mbele ya wageni, lakini siku hiyo aliagiza sukari na maziwa, akapika chai mwenyewe kwenye jiko la ofisini, tukala maharagwe na chapati kutoka kwa Mama Kyalo mezani pale pale pa majaribio. Saruni alikula nasi. Nakumbuka alikuwa kimya, akinitazama mikono. Nilifikiri anaangalia kucha zangu.

Tarehe ya kufungua tovuti ikapangwa, ukumbi ukakodiwa mjini Kajiado, na zikiwa zimebaki siku nne Kevo akang'oa kioo cha kompyuta yetu kukipeleka huko. Mueni alikuwa amenipa kazi ya mwisho, kusikiliza rekodi zote na kuandika kila mahali mtu aliposita. Sikuwa na kioo. Nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza sauti tupu. Katika rekodi ya nne ya Nasieku nilisikia ile sauti ya mzungu ikipita, kisha nikasikia kitu kingine. *Ko.* Nikadhani ni ng'ombe wa duka la chini, kwa maana mara nyingine waliletwa kuchomwa sindano mlangoni. Nikarudisha nyuma. Sauti ilisoma majina ya vitufe kimoja baada ya kingine, ikafika "Napinga," na hapo hapo, *ko*, kidole kwenye mbao. Nasieku alikuwa ameshapita. Akarudi kitufe kimoja. *Ko.* Akabonyeza. Nikasikiliza ya tatu. Nikasikiliza ya pili. Kila njia panda kulikuwa na mlio huo mdogo, na kila ulipokosekana alisita na kugeuka. Niliutazama mkono wangu uliokuwa juu ya meza. Nilikuwa nikimrudisha nyuma kama lori.

Sikumwambia Mueni. Naliandika hili wazi kwa sababu binti yake atalisoma. Nilijua kwamba kazi ya mwaka mzima ilikuwa imesimama juu ya kidole changu, nilijua wafadhili wangekataa kila kitu, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitanda, kabati, na mahali ambapo watu waliniuliza nitakula nini. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Mueni alinisalimu asubuhi, nami nikamwitikia. Aliniuliza kama rekodi ziko sawa, nikamwambia ziko sawa. Siku ya pili nilikwenda kwenye bucha moja upande wa kichinjioni kujaribu kula nyama, nikakaa kwenye kibanda kilichotengwa na kingine kwa ukuta wa turubai, na kupitia turubai lile nikamsikia Saruni.

"Ile ya barabara iko kwangu tayari," alikuwa anasema, mdomo ukiwa na chakula. "Huyo dada akishindwa na mashine, mimi ndiyo nabonyeza kwa niaba yake."

"Na akiweza?" sauti nyingine ikauliza. Nadhani alikuwa mwanakamati mwenzake.

"Aweze! Wewe hujui. Ni yule utingo anamgongea kiti. Nimemwona mara mbili. Wacha aweze mbele ya watu, halafu nisimame niseme. Hiyo pingamizi itatupwa hapo hapo, na hakuna mtu atamwamini tena."

"Wewe ni mbaya, Saruni."

"Mimi si mbaya. Mimi niko na watoto."

Niliacha nyama mezani. Sikwenda kwa Mueni. Nilikwenda Kisaju, nikashuka kwenye soko, nikatembea mpaka boma la Nasieku. Nilimkuta akipepeta maharagwe kwa vidole, akitoa mawe haraka kuliko ninavyoweza mimi kwa macho. Nikamwambia yote, hata ya turubai. Alisikiliza bila kusimamisha vidole.

"Mimi nilijua unagonga," akasema. "Nilidhani ndiyo kazi yako. Watu wa ofisi wanakuwekanga mtu wa kukusaidia, si ndiyo? Nikasema, huyu ana adabu, hanishiki mkono, ananigongea tu."

"Hukuona ni vibaya?"

"Barasa, tangu nizaliwe watu wananivuta mkono. Wewe ulikuwa wa kwanza kuniacha nitembee." Akaweka ungo chini. "Sasa toka nje. Enda kule kwa mbuzi. Nijaribu nikiwa peke yangu."

Mradi ulikuwa umempa kompyuta ndogo ya kujizoeza, yenye tovuti ile ile isipokuwa kwamba kilichobonyezwa humo hakikufika kwa kamati. Nilisimama kwenye ua wa miiba, mikono kwapani, nikasikia sauti ya mzungu ikikimbia ndani ya nyumba. Ilienda, ikarudi, ikasimama, ikaenda tena. Ilichukua muda mara tatu ya ule wa ofisini. Hatimaye akaita: "Nimemaliza! Nimepinga, imeenda!" Niliingia nikitabasamu. Kwenye kioo, chini kabisa pembeni, palikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa "Una uhakika?" chenye Ndiyo na Hapana, kikingoja. Programu yake haikukisoma. Kwake kilikuwa hakipo. Ofisini, kila alipofika hapo, kidole changu kilikuwa kimemwambia bado, naye akapapasa vitufe gizani mpaka nikagonga kwenye Ndiyo.

"Haijaenda, Nasieku."

Aliondoa vidole kwenye kibodi. Kisha akauliza kisanduku kiko wapi, kikoje, kingekaa hapo mpaka lini. Nikamweleza. "Kwa hivyo," akasema polepole, "ningekaa hizo siku zote nikijua nimepinga. Ningeambia watu nimepinga. Na siku ya mwisho naambiwa nilinyamaza, kwa hivyo nilikubali." Akapapasa mpaka akapata fimbo yake. "Nipeleke kwa Mueni. Sasa hivi."

Sijasahau uso wa Mueni tulipomaliza kumweleza, lakini zaidi nakumbuka Kevo, aliyekuwa mlangoni na waya mkononi, akisema "Bro" mara moja tu. Mueni aliniuliza, "Ulijua lini?" Nikamwambia juzi. "Juzi nilikuuliza rekodi." Nikasema ndiyo. Alivua miwani, akaisugua, akaivaa tena. Hakunitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akamgeukia Kevo: "Hicho kisanduku. Wale wazee wanaoona, ni wangapi walikiona?" Kevo akarudi kwenye kanda. Kwa wengi kilikuwa kimetokea chini ya ukingo wa kioo, pale pale pa "imejificha kama mwizi," nasi tulikuwa tumehesabu kwamba wamemaliza kwa sababu walisema wamemaliza. Yule mama aliyetubariki naye angekuwa amenyamaza bila kujua.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Mueni alibadilisha jinsi ya kujaribu. Hakuna aliyeruhusiwa chumbani. Nasieku aliingia, mlango ukafungwa, sisi wote tukashuka chini mpaka kwenye duka, tukasimama kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe bila kuongea, na muuzaji akatuuliza kama kuna msiba. Mara ya kwanza, baada ya Kevo kukirekebisha, kisanduku kilisomwa lakini vidole vyake havikuweza kukiingia. Kibodi ilibaki nyuma ya kisanduku, kwenye ukurasa wa zamani. Mara ya pili aliingia, akabonyeza Ndiyo, lakini hakuna sauti iliyomwambia kwamba imefika, akabonyeza tena na tena mpaka tovuti ikaanguka. Kevo alikuwa hali chakula. Mueni alikuwa akimletea uji kwenye kikombe na kukiondoa kikiwa kimejaa. Mara ya tatu Nasieku alishuka ngazi mwenyewe, fimbo ikihesabu vidato, akasimama mbele yetu. "Imeniambia," akasema. "Imeniambia imepokelewa." Tukawaita wale kina mama watatu asubuhi iliyofuata, nao pia wakafika mwisho kwenye kioo cha Kevo, wakigombana njia nzima.

Baada ya wao kuondoka Mueni alifunga mlango wa chumba cha majaribio, tukabaki wawili. Alikaa kwenye kiti cha wageni. Mimi nikasimama nyuma yake kwa mazoea, kisha nikazunguka nikakaa mezani.

"Saruni atasimama," akasema. "Ukiwa ndani ya ukumbi, hata ukikaa umefungwa mikono, atasema."

"Najua."

"Ukiwa nje lakini bado unakula mshahara wangu, atasema."

"Najua, Mueni."

"Nitasoma barua. Nitasema ulichofanya, kwamba majaribio ya kwanza tumeyatupa, na kwamba wewe si mfanyakazi wangu tena. Nitasema kabla yeye hajasema." Alikaza uzi wa miwani yake. "Sina njia ingine. Nimeitafuta."

Nilimwambia asome. Nilifunga vitu vyangu kwenye mfuko mmoja, kabati nikamwachia Kevo.

Siku ya kufungua nilikwenda Kajiado, ingawa hakuna aliyeniomba. Sikuingia. Nilisimama ng'ambo ya ua wa ukumbi, kando ya barabara, mahali malori ya kwenda Namanga husimama madereva wakinunua chakula. Walikuwa wameunganisha kompyuta na spika kubwa ili kila mtu asikie, kwa hivyo nilisikia yote. Nilisikia maombi, kisha hotuba ya mwenyekiti, kisha sauti ya Mueni ikisoma jina langu lote, la kwanza mpaka la mwisho, na kile mkono wangu ulichofanya. Watu wakanong'ona kama upepo kwenye mahindi. Saruni akasimama; sauti yake haikuhitaji spika. "Yuko wapi sasa huyo? Si amejificha hapa?"

"Yuko nje kwa barabara," mtu akajibu, na madirisha yakajaa vichwa.

"Basi akae huko huko!"

Nasieku aliitwa. Mwenyekiti aliwaomba watu wanyamaze, wakanyamaza kweli, mpaka nikamsikia muuza mahindi kando yangu akigeuza mahindi. Sauti ya mzungu ikaanza. Aliipunguza kasi, nadhani makusudi, ili wote wafuate. Ilisoma jina lake. Ilisoma namba ya korongo. Ilisoma "Nakubali." Ikasoma "Napinga." Kisha akapita, akaenda mpaka mwisho wa ukurasa, na moyo wangu ukaenda naye. Nilikuwa na mikono miwili mifukoni, nimeikunja ngumi, na nilitaka kupiga kelele. Hakuna aliyemwambia kitu. Nikasikia akirudi, jina moja, jina la pili. "Napinga." Akabonyeza. "Una uhakika?" sauti ikauliza, ukumbi mzima ukisikia. "Ndiyo." Ikawa kimya, kimya kirefu ambacho hata leo nikikikumbuka nashika kitu. Kisha, kwa ile lafudhi ya kukanyaga mawe: "Pingamizi lako limepokelewa."

"Limepokelewa," mwenyekiti akarudia. "Katibu, andika. Kipande cha barabara kinasimama mpaka kesi isikilizwe." Saruni ndiye aliyekuwa katibu. Nilimwona dirishani akiinama, akiandika.

Walipotoka, kina mama walikuwa wamemzunguka Nasieku wakiimba, na yeye alikuwa amenyoosha shingo juu yao akigeuza kichwa huku na huku, kama mtu anayetafuta sauti kati ya sauti. Alisimama kwenye ngazi. Tulitenganishwa na ua na hatua kama thelathini.

"Barasa yuko wapi?" akauliza.

Mueni aliniona juu ya vichwa vya watu. Saruni pia alikuwa ananitazama, na nyuma yake wazee wawili wa kamati, wakingoja nifungue mdomo. Neno moja kutoka kwangu lingetosha, salamu tu, na wangerudi ndani kuulizana upya nani alimsaidia nani. Mueni aliweka mkono kwenye bega la Nasieku.

"Ameenda," akamwambia.

Nilikuwa bado sijaenda. Palikuwa na lori tupu la vitunguu likirudi Tanzania, na dereva wake alikuwa bado anatafuna hindi lake. Nikamwomba anipakie, nikamwambia tuondoke sasa hivi, atamalizia hindi njiani. Mueni hakuwa mtu wa kusema uongo, na sikutaka aanze kwa ajili yangu.